Shilingi 43 kwa Kilomita: Miaka Mitano na Trela Yetu

Ukitaka kuelewa gharama ya trela, anza chini, kwenye tairi. Letu lina 22: mbili za mbele, nane za nyuma za kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, na kumi na mbili za trela yenyewe, spea haimo. Tulipokwenda kuliangalia mwanzoni mwa 2021, muuzaji alitaka tusikie injini na tuone kiti kipya cha dereva. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa ameendesha malori ya watu kati ya Mombasa na Malaba, mpakani na Uganda, kwa miaka mingi. Alimwacha aongee, akalala chini na tochi, akawa ananisomea namba nami naandika. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Nyingi zilikuwa za 2014 na 2015. Meno yake yalipendeza machoni, lakini mpira ulikuwa umekauka, na karibu na rimu kulikuwa na nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka uupinde mpira kwa kidole gumba. Tulipunguziwa bei kidogo. Kabla ya mwaka kuisha, karibu zote zilikuwa zimebadilishwa kwa pesa zetu.

Nyumbani, mwenye daftari ni mimi. Wakati ule nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja hapa Nakuru, na hesabu za mkopo hazikunitisha. Kichwa na trela tulivichukua kwa milioni 5.3. Milioni 1.6 zilitoka sacco na kwenye shamba dogo tulilouza upande wa Lanet, zilizobaki zikatoka benki kwa miaka mitano, rejesho likiwa 84,000 na kitu kwa mwezi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kushusha majani chai ya Kericho hadi Mombasa, ambako mnada wa chai hufanyika, kisha kurudi na mbolea, ngano ya kinu au chuma. Mzunguko huo wote ni kama kilomita 1,500. Lori lililobeba mzigo kwenye milima yetu likikupa kilomita mbili na kidogo kwa lita, shukuru. Kwa hiyo safari moja inakunywa lita 680 hivi. Dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 107.66 kwa lita kipindi hicho, na Nakuru haikuwa mbali na hapo, kwa hiyo mafuta yalikuwa kama 73,000. Chai ilitupa karibu 60,000 kushuka, na mzigo wa kupanda wa tani 30 hivi ukatupa karibu 95,000. Toa posho za njiani, maegesho na vibarua wa kupakua, unabaki na 60,000 kwa safari. Mwezi wa kawaida una safari tatu, mwezi mzuri nne. Tukishalipa benki na bima, bado tulibaki na pesa za kueleweka, tukaziita faida. Tukalipa karo, tukaezeka jiko upya, nami nikaacha kazi ya duka.

Na ukishaonekana una trela, kadi za harambee zinajua njia ya kwako. Hilo nalo liwekee bajeti, sitanii.

Kitu ambacho hesabu ile haikukionyesha ni kwamba mzee wangu alikuwa anaendesha bure. Alichukua posho ya chakula tu, na kazi yake haikuandikwa popote. Mwaka uliofuata mgongo ulimkatalia, tukaajiri dereva, na safu nzima ikazaliwa kwenye daftari: mshahara wa dereva, wa tanboi, yaani msaidizi wake, makato ya serikali, posho ya kila safari. Anayetaka kununua lori aliendeshe mwenyewe ajiandikie mshahara tangu siku ya kwanza, hata kama hauchukui. Vinginevyo hatajua kama lori linamlipa au yeye ndiye anayelilipia.

Nirudi kwenye tairi, maana ndiko pesa nyingi zilikokwenda baada ya mafuta. Tairi za bei ya kati tulikuwa tunanunua kwa kama 38,000 moja. Zidisha kwa 22 upate 836,000. Kwa barabara zetu na mizigo yetu, seti kama hiyo ilitupa kilomita 60,000 hivi kwa wastani, zingine zaidi, zingine zikapasuka mapema. Gawanya: shilingi 14 kwa kila kilomita. Lori likitoka Nakuru kwenda Gilgil na kurudi, zaidi ya elfu moja ya tairi imebaki barabarani, na hakuna aliyekudai siku hiyo.

Kinachozimaliza mapema si umbali pekee. Tairi za nyuma zimefungwa mbili mbili, na ya ndani ikipungua upepo haionekani. Ile ya nje inabeba uzito wa zote mbili mpaka inapata moto na kupasuka, kisha unaambiwa tairi ilikuwa mbovu. Tanboi mzuri kila mnaposimama anazunguka na chuma akigonga moja baada ya nyingine: iliyojaa inalia, iliyolegea inajibu kwa sauti ya kufa. Tairi iliyovishwa mpira upya tunaiweka kwenye trela tu, kamwe si mbele. Mpya haifungwi pamoja na kuukuu, kwa sababu vimo havilingani na moja itaburutwa. Halafu andika namba ya kila tairi na mahali ilipofungwa. Lori linaweza kutoka nyumbani na tairi mpya na kurudi na iliyochakaa kidogo ya saizi ile ile, na kama huna namba huna la kusema. Mimi huzikagua kwa chaki na daftari kila lori linaporudi. Dereva wetu wa kwanza aliona namdharau. Wa sasa hunishikia tochi.

Januari 2022 ndipo tulipojua gharama ya kusimama. Tulikuwa tumechukua mzigo wa kuvuka Malaba, na wiki hiyo foleni ya malori ilikuwa imepita Bungoma kwa sababu ya mvutano kuhusu vipimo vya korona mpakani. Lori halikuchoma mafuta wala kumaliza tairi, lakini benki ilihesabu siku zile zile, bima ilihesabu, na watu wawili walihitaji kula na kulala. Tangu hapo mkataba wa mzigo wa kuvuka mpaka nikiusoma, ninatafuta kwanza mstari unaosema lori likisubiri nani analipa, na kuanzia siku ya ngapi. Usipokuwepo, ni wewe unayelipa.

Kisha vitu vikapanda kwa pamoja. Ushuru wa VAT kwenye mafuta ulitoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na Oktoba mwaka huo EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, ilitangaza dizeli ya Nairobi kuwa 205.47. Safari ile ile ya 73,000 ikawa ya 140,000. Bei za kubeba mzigo zilipanda pia, lakini kwa kuchelewa, na mteja mwenye mkataba wa mwaka hakutaka kusikia habari za tarehe 14 ya kila mwezi, siku bei mpya za mafuta zinapotangazwa. Kuanzia hapo tunaandika bei ya mzigo pamoja na bei ya dizeli ya siku hiyo, na tunakubaliana kwamba dizeli ikisogea zaidi ya kiasi fulani, bei nayo inasogea. Madalali wengi hukataa. Wanaokubali ndio tunaofanya nao kazi.

Riba nayo. Tulikopa wakati kiwango cha Benki Kuu kikiwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 kilikuwa 13. Mkopo wetu ulikuwa wa riba inayobadilika, kama ilivyo mingi, na rejesho lilipanda polepole hadi karibu 92,000. Muulize afisa wa mkopo swali moja kabla ya kusaini: riba ikiongezeka, mnaongeza rejesho au mnaongeza miezi? Wengine huongeza miezi kimya kimya, na wewe unaendelea kudhani unamaliza mwaka uliopanga.

Katikati ya hayo injini ikafa. Ilikuwa Desemba 2023, dereva akipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit na mbolea ya Eldoret. Mshale wa joto ulipanda, akasimama, akangoja, akaendelea, ukapanda tena. Fundi tuliyempeleka alichomoa kijiti cha kupimia oili na kukipangusa kwenye kitambaa cheupe. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakusema kitu, alinionyesha kitambaa tu. Maji yalikuwa yameingia: gasketi ya hedi imekwenda, hedi imepinda, na walipofungua chini wakakuta laina na ringi nazo zinahitaji kubadilishwa. Spea zikawa za kuagizwa, na Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Ukijumlisha kuvutwa, lori jingine la kuhamishia mbolea, mlinzi wa usiku na kazi yenyewe, tulitoa 740,000. Rejesho halikungoja hata mwezi mmoja. Sacco ikatuokoa, kwa riba yake.

Chanzo kilikuwa bomba la mpira la rejeta lililokuwa likivuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Tanboi alikuwa akijaza maji ya bomba na ya mtoni badala ya dawa ya rejeta, na dereva alijua. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mama, nikisema kitu kimeharibika, mwisho wa mwezi nakatwa." Alikuwa sahihi. Tulikuwa na kanuni hiyo, kama wenye malori wengi: kilichoharibika mikononi mwa dereva kinatoka kwenye mshahara wake. Kwenye karatasi inaonekana kama kujilinda. Kwa vitendo, unamlipa mtu akufiche ubovu ungali wa elfu tatu mpaka ufike laki saba. Tuliifuta. Sasa dereva akiripoti hitilafu kabla lori halijasimama njiani, kuna kitu kidogo kwenye mshahara, na picha za chini ya lori ninaletewa kwa simu bila kuomba.

Jambo kama hilo liko kwenye mafuta. Kuna wenye malori wanaompa dereva lita maalumu za safari, na anachobakisha ni chake. Ni mpango rahisi, na hakuna haja ya kubishana juu ya mafuta ya kunyonywa. Lakini mtazame dereva huyo akishuka Sachangwan kurudi Salgaa na tani 30 nyuma. Kila akitoa gia na kuliacha lori literemke lenyewe, anaamini anabakisha mafuta, na breki ndizo zinazobeba kila kitu mpaka laining zinatoa moshi. Mteremko huo Nakuru tunaujua. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Sisi tunalipa posho ya safari bila kuihusisha na lita, tumeweka kipimo cha kielektroniki kwenye tanki, na breki ya injini ikiwa haifanyi kazi lori halitoki. Laining na ngoma za breki zinadumu zaidi, na hilo nililiona kwenye daftari kabla mzee hajaniambia.

Mizani nisiipite. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, lori la ekseli sita, yaani mihimili sita ya magurudumu, kama letu linaruhusiwa tani 50 pamoja na mzigo: nane kwa ekseli ya mbele, 18 kwa zile mbili za nyuma ya kichwa, 24 kwa tatu za trela. Wengi huangalia ile 50 tu. Tuliwahi kupima Gilgil jumla ikiwa chini ya 50, lakini mbolea ilikuwa imerundikwa nyuma na ekseli za trela zikazidi. Magunia yakapangwa upya kwa mikono, juani, kwa vibarua tuliowalipa sisi. Tanboi wetu sasa husimama juu ya trela wakati wa kupakia na kuamua gunia linakwenda wapi, hata wapakiaji wakimtukana.

Karatasi pia ni mbili mbili. Trela ina namba yake inayoanza na Z, usajili wake na ukaguzi wake wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima inabidi iitaje. Kuna watu hugundua baada ya ajali kwamba walikuwa wamekatia bima kichwa peke yake. Bima ya mzigo safarini ni nyingine tena, na wateja wakubwa hawakupi kazi bila hiyo. Ongeza kodi ya kutangulia ya KRA, mamlaka ya mapato, inayohesabiwa kwa tani, leseni ya barabara na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kimoja kimoja si kikubwa. Mimi nimeviandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kikiisha muda lori likiwa Voi, unakilipia bei ya Voi.

Wateja hulipa baada ya siku 30, 45, wengine 60, na dizeli hulipwa papo hapo. Asiye na mafuta ya safari tatu mfukoni, mbali na pesa ya kununulia lori, atajikuta anakopa kwa dalali yule yule ambaye bado hajamlipa. Kuna dalali mmoja ambaye mpaka leo hatujamwona wala kuona pesa zetu.

Baada ya injini nilikaa na madaftari yote nikagawanya kila kitu kwa kilomita, ambazo kwa miaka mitano zimekaribia 300,000. Tairi 14. Sevisi, yaani oili na filta kila kilomita 15,000, kama 3. Matengenezo mengine yote, injini na klachi zikiwemo, 8. Riba 5. Bima karibu 4. Thamani iliyopotea ilikuwa 9, kwa sababu wanunuzi waliokuja kulitazama hawajapita milioni 2.7. Jumla ni shilingi 43 kwa kilomita kabla hujatia tone la dizeli na kabla hujamlipa dereva. Kwa safari ya kilomita 1,500 hiyo ni 64,500. Zile 60,000 tulizokuwa tunabaki nazo mwanzoni, tukiezekea jiko, hazikutosha hata hizo.

Kwa hiyo sasa kila lori linaporudi, kabla mtu hajagusa pesa, shilingi 25 kwa kila kilomita zinakwenda kwenye akaunti ya peke yake. Ndizo zile za tairi, sevisi na matengenezo. Akaunti hiyo haina kadi wala haijaunganishwa na simu, ili niione shida ya kwenda benki. Mara ya mwisho tulipobadilisha tairi nane za kichwa, tulilipa taslimu na tukapunguziwa.

Je, imetulipa? Nikiweka pembeni mshahara ambao mzee angepata kwa kumwendeshea mtu mwingine, lori limetupa kidogo juu ya hapo, na bado lipo. Limewezekana kwa sababu yeye anajua kufungua breki mwenyewe na hatukurudi tupu mara nyingi. Mtu wa kazi ya ofisini anayetaka kununua trela limletee pesa huku akilisimamia kwa simu, nimeshamshauri zaidi ya mmoja anunue kitu kingine. Mmoja alinunua hata hivyo, na tairi zake za kwanza nilizikagua mimi.

Mkopo tuliumaliza mwanzoni mwa mwaka huu. Ukimaliza wako, usiridhike na ujumbe wa simu wa pongezi. Usajili una jina la benki pamoja na lako, na huwezi kuuza wala kuweka dhamana mpaka benki ijitoe kwenye mfumo wa NTSA. Omba barua ya kumaliza deni siku hiyo hiyo, na uombe kwa kichwa na kwa trela, kila kimoja kwa namba yake. Barua ya kichwa imeshatoka. Ya trela wanasema faili liko Nairobi, na Jumanne ninapanda matatu kulifuata.